Darasa Limejaa, Somo Liko Wapi?

Leo nawavusha Bahari ya Hindi, tuiache Maldivi, tuiache Sri Lanka, tukatie nanga Indonesia.

Jumatatu asubuhi nchi ile huvaa rangi za shule. Sare za huko si za shule moja moja, kwamba mwalimu mkuu na kamati ya wazazi wakae wachague kitambaa. Ni za taifa: mtoto wa msingi nyekundu na nyeupe, wa sekondari ya chini buluu na nyeupe, wa sekondari ya juu kijivu na nyeupe. Watoto hupanga mistari, bendera ikapandishwa, wimbo wa taifa ukaimbwa. Wale wa Merauke, kule Papua, wanakuwa wamekwisha kaa darasani saa mbili nzima ndipo wenzao wa Sabang, kwenye ncha ya Aceh, wanapoanza kujipanga, maana jua la mashariki limewatangulia. Kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilomita 5,000. Ukisafiri kutoka Dar es Salaam mpaka Kairo hujaumaliza mwendo huo. Na katikati yake kuna visiwa zaidi ya 17,000 na lugha zaidi ya 700.

Wanafunzi wao ni kama milioni 50. Yaani umchukue karibu kila Mkenya, kikongwe kwa kichanga, umvike sare umpeleke shule. Walimu wanapita milioni tatu. Duniani, mfumo mkubwa kuliko huo utaukuta China, India na Marekani tu.

Lakini ukubwa sio ulionivuta. Kilichonivuta ni kwamba Indonesia imeyafanya karibu mambo yote ambayo sisi, kwenye vijiwe na kwenye majukwaa ya kampeni, huapa kwamba serikali ikiyafanya tu basi elimu imepona. Ilijenga shule. Ikafuta ada. Ikaandika fungu la elimu ndani ya katiba. Ikamwongezea mwalimu mshahara maradufu. Sasa inapika chakula cha mchana. Kwa hiyo ni mahali pazuri pa kwenda kuuliza: kila kimoja kati ya hivi, kilipofika, kilileta nini?

Tuanze na walichorithi, na hapo tutapita haraka kwa kuwa hakikuwa kingi. Wadachi walikaa visiwani humo zaidi ya miaka 300, na sensa ya mwaka 1930 iliwakuta wenyeji wanaojua kusoma na kuandika hawafiki mmoja katika kumi. Shule nzuri zilikuwepo, kwa Kidachi, kwa watoto wa Wadachi na wa wakubwa waliokuwa karibu nao. Ndiyo maana wanaoheshimiwa huko kama waanzilishi wa elimu ni watu walioanzisha shule bila kungoja ruhusa. Ahmad Dahlan aliunda Muhammadiyah mwaka 1912 mjini Yogyakarta, chama cha Kiislamu ambacho mpaka leo kina maelfu ya shule na vyuo vikuu. Dewi Sartika alikwisha fungua shule ya wasichana Bandung mwaka 1904. Na yuko huyu ambaye siku yake ya kuzaliwa, tarehe 2 Mei, ndiyo Siku ya Elimu ya taifa: Ki Hajar Dewantara.

Bwana huyu alizaliwa ukoo wa kifalme na jina refu la kifalme. Mwaka 1913 Wadachi wakajiandaa kusherehekea miaka mia tangu wakombolewe mikononi mwa Napoleon, na wakataka wenyeji wa koloni nao wachangie gharama za sherehe. Yeye akaandika gazetini makala ya kejeli, akijiweka mahali pa Mdachi, akisema kwamba angekuwa mmoja wao angeona haya kusherehekea uhuru katika nchi aliyoinyang'anya uhuru wake. Wakamfukuza. Wakampeleka uhamishoni wapi? Uholanzi kwenyewe! Huko akajisomea ualimu, akarudi, na mwaka 1922 akafungua shule zake za Taman Siswa. Lile jina la kifalme akaliacha. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilipotoa sheria ya kuzibana shule ilizoziita "za porini", yaani zisizo chini yake, akaongoza upinzani mpaka mwaka uliofuata sheria ikawekwa kando. Alifundisha kwamba mwalimu ana mahali patatu pa kusimama: akiwa mbele aonyeshe mfano, akiwa katikati atie ari, akiwa nyuma asukume na kuunga mkono. Hayo ya nyuma yamo kwenye nembo ya wizara na kwenye kofia za wanafunzi. Mwalimu mwenyewe, katika madarasa mengi, bado amesimama mbele akisoma imla.

Sasa lugha, na hapa msikilizaji wa Kiswahili atege sikio. Oktoba 1928 vijana walikutana Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, wakala kiapo cha nchi moja, taifa moja, na lugha moja ya umoja. Lugha yenye wasemaji wengi ilikuwa Kijava, na wingi wenyewe si haba, ni watu wa kisiwa chenye wakazi wengi kupita vyote. Hawakuichagua. Walichagua Kimalei, lugha ya bandarini na sokoni, ambayo wachache tu walikuwa nayo kama lugha ya mama, wakaiita Kiindonesia. Kijava kina ngazi za adabu: unavyosema na mkubwa sivyo unavyosema na mdogo, maneno yenyewe hubadilika. Kimalei hakikuwa na mzigo huo, na hakuna kabila kubwa ambalo lingejiona limepewa ushindi. Mtu aliyeishi Tanzania ya Mwalimu Nyerere hahitaji kuelezwa zaidi.

Ila wenzetu hawakuishia darasa la saba kama sisi. Mtoto wa Indonesia huanza na Kiindonesia, au na lugha ya nyumbani kwa miaka michache ya mwanzo, kisha akaendelea na Kiindonesia kwenye fizikia, kwenye hesabu, kwenye sheria, kwenye udaktari, mpaka shahada. Hakuna siku anayoamka sekondari akakuta mlango wa maarifa umebadilishwa kufuli. Sisemi kwamba hilo limewatatulia kila kitu. Matokeo nitakayowasomea baadaye yatanikataza. Nasema tu kwamba kuna hofu moja ambayo sisi tunailea tangu uhuru, ya kwamba sayansi haiwezi kuvumilia lugha yetu, na watu zaidi ya milioni 280 wanaishi bila hofu hiyo.

Nao walijaribiwa. Sheria ya elimu ya mwaka 2003 iliagiza serikali kuu au za mitaa ziwe na angalau shule moja ya kiwango cha kimataifa katika kila ngazi. Zikachipuka shule za serikali zilizofundisha hesabu na sayansi kwa Kiingereza, zikapewa ruzuku kubwa kuliko nyingine, na juu yake zikaruhusiwa kuwatoza wazazi. Fikiria: shule ya umma, iliyojengwa kwa kodi ya wote, mlango wake unafunguka kwa mwenye pochi nene. Wazazi na wanaharakati wakaenda Mahakama ya Katiba, na Januari 2013 mahakama ikazifuta. Ikasema zinawagawa watoto wa nchi moja katika matabaka, na kwamba zinahatarisha utambulisho na lugha ya taifa. Shule zenyewe zilibaki, walimu wakabaki, kibao cha "kimataifa" kikateremshwa. Hukumu ya namna hiyo ikisomwa kwenye mahakama zetu, nina shauku ya kujua nani angekuwa wa kwanza kukata rufaa.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1973. Vita vya Mashariki ya Kati vikapandisha bei ya mafuta mara nne. Tanzania, mnunuzi, ikaumia, na ukame nao ukaja juu yake. Hata hivyo, Novemba 1974, TANU ikakutana Musoma na kuamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe shuleni. Tukaingia kwenye elimu ya msingi kwa wote mfukoni mkiwa na vumbi. Indonesia ilikuwa upande wa pili wa bei hiyo hiyo: muuzaji, mwanachama wa OPEC. Fedha zikamiminika, na Rais Suharto akatoa agizo la kujenga shule za msingi. Wao huziita SD Inpres, shule za agizo la rais. Katika miaka sita hivi zikajengwa zaidi ya 61,000. Kila moja madarasa matatu, walimu watatu. Ni moja ya kazi kubwa za ujenzi wa shule zilizowahi kufanywa popote kwa muda mfupi kama huo, na ilifanywa na utawala wa kijeshi ambao mikono yake ilikuwa na damu nyingi ya raia wake. Yote mawili ni kweli, sina namna ya kuyatenganisha.

Kulikuwa na kanuni katika ugawaji. Wilaya yenye watoto wengi walio nje ya shule ilipata shule nyingi zaidi. Kanuni hiyo, ambayo ofisini Jakarta ilikuwa hesabu ya makarani tu, ilikuja kuwa hazina kwa watafiti. Mwaka 2001 mchumi Mfaransa Esther Duflo, ambaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, alichapisha utafiti juu ya shule hizo. Aliwalinganisha watu waliokuwa wadogo kiasi cha kuzifaidi na wale waliokuwa wamekwisha pita umri, katika wilaya zilizopata nyingi na zilizopata chache. Akaona kwamba kila shule moja iliyojengwa kwa watoto 1,000 iliwaongezea elimu kwa sehemu ya 0.12 hadi 0.19 ya mwaka, na walipokuwa watu wazima mishahara yao ilizidi kwa asilimia 1.5 hadi 2.7. Utasema ni punje. Punje hizo zizidishe kwa kizazi kizima cha nchi ile, na kwa miaka yote ya kazi ya kila mmoja. Kati ya 1973 na 1978 watoto wa miaka 7 hadi 12 waliokuwa shuleni walitoka asilimia 69 wakafika 83.

Nalisisitiza hili kwa sababu imekuwa mtindo kudharau majengo. Mtu akisimama kusema "majengo si elimu" anapigiwa makofi, hasa na wale ambao watoto wao hawajawahi kukaa chini ya mwembe. Shule zetu za kata zimetukanwa sana, nyingine kwa haki. Lakini kwa binti wa kijijini ambaye sekondari ya karibu ilikuwa mwendo wa kutwa, jengo lile bovu lilikuwa tofauti kati ya kusoma na kuolewa. Indonesia imetupa ushahidi wa hesabu: ukuta unazaa. Hauzai kila kitu, lakini unazaa.

Kuna upande mwingine wa mfumo wao ambao watu wa Mwambao na visiwani wangeuona kama wa nyumbani. Pembeni ya shule za serikali upo mlolongo mzima wa madrasa, kuanzia ya msingi mpaka ya sekondari ya juu, chini ya Wizara ya Dini, na zaidi ya tisa kati ya kumi ni za watu binafsi na taasisi. Nyuma ya madrasa ziko pesantren, shule za bweni ambapo mwanafunzi huishi na kiai wake, yaani shehe wa shule, akasoma vitabu vya fikihi na nahau alfajiri na usiku. Mwaka 1975 mawaziri watatu walitia saini uamuzi wa pamoja: madrasa ikifundisha masomo ya kawaida kwa asilimia 70 na dini asilimia 30, cheti chake kitakuwa sawa na cha shule, na mwanafunzi anaweza kuhama huku kwenda kule. Mtoto wa Lamu au Pemba anayekimbilia shule asubuhi na chuo jioni angelifurahia sana jambo hilo, ingawa sina hakika ufundishaji wa hesabu ungekuwa na nafuu. Madrasa nyingi ni za watu masikini, na mwalimu wake analipwa kadiri sadaka itakavyoruhusu.

Sasa matokeo. Kila baada ya miaka michache nchi nyingi hufanya mtihani mmoja wa vijana wa miaka 15, unaoitwa PISA. Indonesia imeufanya tangu mwanzo wake, mwaka 2000. Mwaka 2022 ilipata alama 366 katika hesabu, wakati wastani wa nchi tajiri za OECD ni 472. Kusoma ikapata 359. Wanafunzi waliofika kiwango cha chini kinachokubalika katika hesabu ni asilimia 18. Kiwango chenyewe si cha kutisha: ni kulinganisha urefu wa njia mbili, au kubadili bei kutoka sarafu moja kwenda nyingine. Vijana wanne kati ya watano hawakufika hapo. Kila matokeo yakitoka, magazeti ya Jakarta huomboleza wiki nzima, kisha wabunge wakamwita waziri.

Mimi naomba tusome pia safu ambayo magazeti huiruka. PISA humpima aliyeko shuleni. Mwaka 2003, kati ya vijana wote wa Indonesia wenye miaka 15, waliowakilishwa na mtihani ule walikuwa asilimia 46. Mwaka 2018 walikuwa asilimia 85. Waliosoma riwaya ya Andrea Hirata kuhusu kisiwa cha Belitung, iliyotoka 2005, au kuona filamu yake, watamkumbuka Lintang, mtoto wa mvuvi, hodari wa hesabu kuliko wote, aliyekuja shule kwa baiskeli akipita kinamasi chenye mamba. Baba alipokufa, shule ikaishia hapo. Akina Lintang hawakuwa wakihesabiwa zamani. Walikuwa kwenye ngalawa. Leo wengi wao wamo darasani na wameingia kwenye wastani, wao pamoja na njaa zao, na vitabu ambavyo nyumbani havikuwepo. Nchi inayopokea watoto wote hao na alama zake zisiporomoke sana imefanya jambo. Hilo halifuti asilimia 18. Linaniambia tu kwamba kazi ya kuwaingiza ilifanywa, na kazi ya kuwafundisha ndiyo imekwama.

Na hapo tumemfikia mwalimu. Mwaka 2005 Bunge lilipitisha sheria ya walimu. Mwalimu akipata cheti cha utaalamu, alipewa posho sawa na mshahara wake wa msingi, yaani kipato mara mbili. Nia ilikuwa njema na imeandikwa vizuri. Mwanzoni cheti kilipaswa kutokana na kipimo kigumu, lakini siasa ikalainisha mambo, ikawa mwalimu anaandaa jalada la karatasi: vyeti vya semina, barua, miaka ya utumishi. Jalada lilipita mikono mingi, na karatasi zikawa biashara.

Watafiti wanne wakapata nafasi adimu. Kwa ushirikiano na serikali, katika shule 360, walimu wa baadhi ya shule zilizochaguliwa kwa bahati nasibu waliruhusiwa kupata cheti na posho mapema, wengine wakasubiri zamu. Matokeo yalichapishwa 2018. Walimu walioongezewa waliridhika zaidi na kazi. Waliokuwa na kibarua cha pili wakapungua. Madeni na wasiwasi wa fedha vikapungua. Na wanafunzi wao, baada ya miaka miwili na hata mitatu, hawakujua chochote zaidi ya wenzao wa shule nyingine. Hata chembe.

Najua utafiti huu ukifika kwa waziri wa fedha wa nchi yoyote ya Afrika Mashariki ataubandika ukutani. Asubiri kwanza. Waliopewa nyongeza ile walikuwa watumishi wa kudumu, kazi yao haiondoki, na nyongeza haikudai kitu chochote kinachotokea mbele ya ubao. Unapomlipa mtu kwa jalada, atakuletea jalada. Tena wenye kuitetea sheria hiyo walisema tangu mwanzo kwamba faida itakuja polepole, vijana wenye akili nzuri wakianza kuitamani kazi ya ualimu, na utafiti wa miaka mitatu hauwezi kulipima hilo.

Halafu kuna mwalimu ambaye sheria ile haikumwona. Huko wanamwita guru honorer. Tanzania tungesema mwalimu wa kujitolea, Kenya mwalimu wa BOM, yaani wa bodi ya shule. Ameajiriwa na shule yenyewe kwa sababu walimu wa serikali hawatoshi, analipwa kutoka vichenji vya ruzuku ya uendeshaji, na wapo wanaopokea rupia 300,000 kwa mwezi, fedha ambazo hazifiki dola 20. Anafundisha vipindi vile vile, pengine vingi zaidi, akipakana ukuta na mwenzake mwenye posho maradufu. Jioni anaendesha pikipiki ya kukodi. Tangu 2021 serikali imekuwa ikiwaingiza laki kadhaa kwenye ajira ya mkataba, hatua kubwa, na bado foleni ni ndefu. Kwenye milima ya Papua hali ni kinyume: mwalimu wa serikali yupo kwenye orodha ya mishahara, mshahara unatoka, na darasani hayupo. Yuko mjini, mji wenyewe ni safari ya ndege ndogo. Ukimlaumu, mlaumu, lakini nyumba ya mwalimu kule haina maji, na soko ni mwendo wa siku.

Kwenye mitihani wenzetu wametufanana mpaka unacheka. Kwa miaka mingi Mtihani wa Taifa ndio ulioamua nani amehitimu. Karatasi zililindwa na polisi kama fedha za benki. Mwaka 2013 mikoa 11 iliahirisha mtihani kwa sababu karatasi hazikuchapwa kwa wakati. Na wizi wa majibu ukawa kazi ya pamoja. Mwaka 2011, katika mji mmoja wa Java, mama aligundua kwamba mwanawe, kijana mwenye akili, ameagizwa na mwalimu awape wenzake majibu, na kwamba walikuwa wamefanyishwa mazoezi ya jinsi ya kuyapitisha. Akapeleka malalamiko. Unadhani majirani walimshukuru? Walimiminika nyumbani kwake, wakamtukana kwamba anajifanya mtakatifu, anawaharibia watoto maisha, mpaka familia ikahama kwa muda. Kisa hicho kilitikisa nchi nzima. Mimi kinanisumbua kwa sababu nawaelewa majirani. Waliona mtihani kama mto wenye mamba, na mtu mmoja anakuja kukata kamba ya kivuko.

Uzito wa mtihani ukapunguzwa 2015, na 2020, korona ikisaidia, ukafutwa kabisa. Waziri alikuwa Nadiem Makarim, kijana aliyeanzisha kampuni ya bodaboda za mtandaoni ya Gojek. Badala yake ikawekwa tathmini ya sampuli ya wanafunzi, inayopima shule, isiyompima mtoto mmoja mmoja. Ukaja pia mtaala mpya, maana huko husemwa kwamba akija waziri mpya, unakuja mtaala mpya: kuna wa 1975, wa 1984, wa 1994, wa 2004, wa 2006, wa 2013, na huo mpya wa Merdeka, yaani "uhuru". Wazazi wa Kenya walioimba mfumo wa 8-4-4 na sasa wanakata makaratasi ya mtaala wa CBC saa nne usiku wanaelewa.

Nafasi za kuingia shule za serikali nazo, tangu 2017, zilianza kugawiwa kwa ukaribu wa makazi. Nia ilikuwa kuvunja zile shule teule za mijini. Kilichotokea ni kwamba wazazi wakahamisha majina ya watoto kwenye kadi za familia za mashangazi na marafiki wanaoishi jirani na shule nzuri. Kuna nyumba ambazo, kwa mujibu wa karatasi, zilikuwa na watoto kuliko vyumba.

Fungu la fedha lipo, na lipo kikatiba: tangu marekebisho ya 2002, asilimia 20 ya bajeti lazima iende kwenye elimu. Ni kifungu cha kujivunia, na pia ni kifungu kinachofundisha ujanja, kwa kuwa kila wizara yenye chuo au mafunzo ya watumishi hutafuta kujihesabia humo. Januari 2025 Rais Prabowo Subianto alianzisha chakula cha bure chenye lishe, lengo likiwa watu karibu milioni 83, wanafunzi pamoja na watoto wadogo na wajawazito. Mimi si adui wa chakula shuleni. Aliyewahi kufundisha saa saba mchana anajua njaa inavyoyafunga masikio. Lakini majiko makubwa yalifunguliwa kwa kasi, na mwaka huo huo maelfu ya watoto wakaugua kwa chakula kibovu. Katika mapendekezo ya bajeti ya 2026, karibu theluthi mbili ya gharama ya mpango huo iliwekwa ndani ya ile asilimia 20 ya elimu. Kwa hiyo kwenye karatasi elimu haijapunguziwa kitu. Yule guru honorer wa rupia 300,000 anaweza kuuliza wali na kuku vimehesabiwa kwenye fungu gani, na jibu ni kwamba vimehesabiwa kwenye lake.

Na mtihani? Mtihani umerudi. Novemba 2025 wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari ya juu walifanya kipimo kipya cha uwezo wa kitaaluma. Wizara imesema ni cha hiari, hakimfelishi mtu, hakimzuii kuhitimu. Alama zake zitaangaliwa tu na vyuo vikuu vya serikali, kwa wale wanaoomba kuingia kwa rekodi zao za shule. Hiari ya namna hiyo mzazi wa Surabaya anaijua vizuri, kama anavyoijua mzazi wa Morogoro. Vituo vya tuisheni huko havikuwahi kufunga milango.